Kompyuta ya baiskeli yenye GPS: inastahili bei yake?



Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli yaliyofanyika Kigali mwezi Septemba 2025, swali moja linaletwa mara kwa mara kwenye dispanseri yetu ya Goma. Mtu amekuja kufungwa kidonda cha goti, au kupimwa presha, na akiisha kuvaa shati anauliza: “Muganga, ile mashine ndogo wanayoifunga kwenye usukani, ile ya GPS, inafaa niinunue?”

Swali ni zuri. Tena ni swali la dispanseri, si la duka peke yake, maana pesa iliyokwenda kwenye usukani haikwenda kwenye breki.

Tunaelewa hamu hiyo imetoka wapi. Mbio zile zilikuwa za kwanza za namna hiyo kufanyika barani Afrika, tena kwa jirani. Tadej Pogačar wa Slovenia, aliyeshinda mbio kubwa za wanaume tarehe 28 Septemba, alipewa njia ya kilomita 267.5 yenye vilima visivyokwisha. Kijana wa Goma aliyetazama hayo, na ambaye amezoea kuona Tour du Rwanda ikifika Rubavu karibu na mpaka wetu, anarudi nyumbani, anaitazama baiskeli yake, na anaona imepungukiwa na kitu. Lakini wazee wetu wanamkumbuka Eddy Merckx wa Ubelgiji. Tarehe 25 Oktoba 1972, mjini Mexico, alikwenda kilomita 49.431 kwa saa moja bila kompyuta yoyote mbele yake. Waliohesabu walikuwa watu wenye saa, pembeni ya uwanja.

Mashine mbili

Mashine za kupima mwendo wa baiskeli ziko namna mbili, na tofauti ya bei inatoka hapo.

Ya kwanza ni ya sumaku. Sumaku ndogo hufungwa kwenye spoki ya gurudumu la mbele, na kwenye uma hufungwa kitambuzi. Gurudumu likizunguka mara moja, sumaku inapita mbele ya kitambuzi, na mashine inahesabu moja. Wewe umeiambia tangu mwanzo kwamba mzunguko mmoja ni, tuseme, sentimita 215. Basi mizunguko 1,000 ni mita 2,150. Hakuna uchawi ndani yake. Inakuonyesha mwendo, umbali na saa, na betri yake ndogo ya mviringo inaweza kudumu mwaka mzima au zaidi. Zile za waya zinapatikana kwa dola kumi na kitu au ishirini na kitu.

Ya pili ni ya GPS. Hii haitazami gurudumu, inasikiliza mbinguni. Setilaiti za Marekani zinaizunguka dunia kwa urefu wa kilomita 20,200 hivi, na kila moja inatuma saa yake sawasawa. Mashine ikipokea mawimbi ya setilaiti nne au zaidi, inalinganisha yalivyochelewa kufika, na kwa hesabu hiyo inajua iko wapi. Mfumo huo ulikamilika mwaka 1995. Hadi Mei 2000 Marekani ilikuwa ikitia kosa la makusudi katika mawimbi ya raia. Tangu ilipoliondoa, mtu wa kawaida anaweza kujua mahali alipo kwa kukosea mita chache tu. Mashine nyingi za siku hizi husikiliza pia setilaiti za Ulaya, za Urusi na za China. Mawimbi hayo hayalipiwi. Unacholipia ni mashine yenyewe: za China ziko zinazouzwa chini ya dola 100, na kampuni ya Garmin ilipotoa Edge 540 mwaka 2023 bei yake huko Marekani ilikuwa dola 349.99. Iko hata Edge 1040 ya jua, iliyotoka mwaka 2022 kwa dola 749.99. Hesabu wewe mwenyewe hiyo ni ada ya shule ya watoto wangapi.

Wenzetu wa shimoni wataelewa upesi udhaifu wa mashine ya pili. Mawimbi ya setilaiti hayapenyi mwamba. Ukishuka shimoni nayo inakuwa kipofu, lakini sumaku ingehesabu hata gurudumu la kigari cha reli. Juu ya ardhi pia, ukipita kando ya ukuta mrefu, chini ya miti mizito au kwenye korongo, mwendo unaoonyeshwa unarukaruka.

Hapa kwetu kuna jambo jingine zaidi. Mwaka 2024 Marekani ilieleza mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwamba mawimbi ya GPS yalikuwa yakivurugwa katika Kivu ya Kaskazini, na kwamba jambo hilo lilihatarisha ndege. Kama ndege ilipata taabu, baiskeli yako ni nini? Mawimbi yakivurugwa, mashine inaweza kunyamaza, au ikakuweka mahali ambapo hupo. Usije ukamlaumu aliyekuuzia, na usije ukaifuata ramani yake kuliko macho yako.

Sasa tuseme haki ya mashine hii, kwa sababu siyo kitu cha bure. Inaandika njia yote uliyopita, ili kesho ulinganishe. Zile zenye kipima hewa ndani zinaonyesha kilima kina mwinamo gani. Zinaweza kuunganishwa na mkanda wa kifuani unaohesabu mapigo ya moyo. Unaweza kuihamisha kutoka baiskeli moja hadi nyingine bila kupima gurudumu tena. Kwa kijana anayejitayarisha kwa mashindano, anayepanda na kushuka njia ya Sake mara nne kwa juma, hayo ni mambo ya faida.

Lakini kabla ya kutoa pesa, tia mkono mfukoni. Simu yako ya kugusa ina GPS tayari. Programu za kurekodi mwendo, kama Strava, zina sehemu isiyolipiwa, na simu inaweza kuandika safari hata kama hakuna vitengo, maana kupokea setilaiti hakuli megabaiti. Ukifika nyumbani ndipo utatafuta mtandao. Simu ikae mfukoni, ndani ya mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvua, siyo kwenye usukani. Kwa wengi wanaoniuliza, mashine ya GPS wanayotaka kununua wanayo tangu zamani, isipokuwa hawajui.

Moyo hauhitaji setilaiti

Wengine husema: “Muganga, ni wewe uliyeniambia nifanye mazoezi kwa sababu ya presha. Nitajuaje kama mazoezi yanatosha?” Hapa niko nyumbani kwangu, basi nipe nafasi.

Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2020, linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa juma. Angalia vizuri: limesema dakika, halikusema kilomita. Saa ya mkononi inatosha. Nusu saa kwa siku, siku tano, tayari umefika 150, na mfanyakazi anayetoka Katindo hadi kazini kwa baiskeli na kurudi pengine amekwisha kuzitimiza bila kujua.

Nguvu ya mazoezi nayo unaipima kwa vidole. Simama, weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba. Hesabu mapigo kwa sekunde 15, halafu zidisha kwa 4. Ili kukisia mapigo ya juu kabisa ya moyo wako, toa umri wako katika 220. Mtu wa miaka 35 anapata 185. Mazoezi ya wastani ni kati ya nusu na asilimia 70 ya hesabu hiyo, yaani mapigo 93 hadi 130 hivi kwa dakika, au 23 hadi 32 katika zile sekunde 15. Na kama huna hata saa, ongea. Ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, uko pazuri. Ukishindwa kumaliza maneno matatu bila kuhema, umepita kiasi. Wanaotumia dawa fulani za presha zinazopunguza mapigo ya moyo, hesabu hii ya 220 haiwafai. Waje dispanseri tuongee kwanza.

Mkanda wa kifuani ni sahihi kuliko vidole, hilo sikatai. Mwanamichezo ataupenda. Mgonjwa wa presha hauhitaji.

Tena tarakimu zina hatari yake. Mtu akiona leo amefanya wastani wa kilomita 19 kwa saa, kesho anataka 20. Amemaliza kazi ya usiku, hajalala, lakini mashine inamdai. Tumewaona. Mwili uliokesha hauna macho ya upesi wala breki za upesi. Ukisikia kifua kinabana, kizunguzungu, moyo unarukaruka, au jasho baridi, shuka, kaa chini mahali penye hewa, na tafuta msaada. Usingoje kumaliza kilomita.

Nimesema mahali penye hewa kwa kusudi. Ninyi mnaokwenda upande wa Mugunga, Bulengo na Ziwa la Kijani mnajua mazuku. Ni gesi ya kaboni inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, inayolala mashimoni na mabondeni, na imeua wanyama na watoto. Mchimbaji aliyefundishwa habari za gesi shimoni hatashangaa. Hakuna mashine ya baiskeli, ya sumaku wala ya mbinguni, itakayokuonyesha mazuku. Ukitaka kupumzika, pumzika juu, siyo kwenye kibonde chenye kivuli.

Pesa ianzie wapi

Fanya hesabu hii ndogo. Kwa kilomita 25 kwa saa, baiskeli inakwenda karibu mita 7 kila sekunde. Ukiangalia kisanduku kwa sekunde 2, umekwenda mita 14 bila kuona barabara. Ukishuka mlima kwa 40, ni mita 22. Katika mita 22 za barabara ya Goma kuna nini? Teksi-moto inayokata mbele yako, mtoto mwenye bidoo la maji, chukudu yenye magunia ya makaa ambayo mwenyewe hawezi kuisimamisha ghafula, na jiwe la volkano lililotoka mahali pake. Kadiri kisanduku kinavyoonyesha mambo mengi, ndivyo kinavyoomba macho yako. Ile ya sumaku, kwa kuwa haina ramani wala rangi, unaitazama kidogo tu.

Kwa hiyo, kabla ya mashine yoyote, baiskeli ipite ukaguzi kama tunavyokagua vyombo vyetu kazini. Raba za breki zisiwe zimeliwa hadi chuma. Waya wa breki usiwe na nyuzi zilizokatika. Ukiona hata uzi mmoja umesimama, badilisha. Tairi zitazamwe pembeni, maana mawe yetu makali ya mwaka 1977, 2002 na 2021 yanakata ubavu wa tairi kuliko uso wake. Taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, hasa kwa watu wa kazi ya usiku. Kengele. Vyote hivi kwa fundi wa mtaani havifiki bei ya GPS, hata ile ya rahisi.

Kisha kofia. Naona wengine wanapanda baiskeli na kofia ngumu ya kazini, wakifikiri wamejikinga. Kofia ile imetengenezwa kwa kitu kinachoanguka kutoka juu. Ukianguka kwa baiskeli, unapiga paji la uso, ubavu wa kichwa au kisogo, na kofia isiyofungwa kidevuni inaruka kabla kichwa hakijafika chini. Helmeti ya baiskeli ni kitu kingine: ina povu gumu ndani linalopondeka badala ya fuvu, na mkanda wa kufunga chini ya kidevu. Ikiisha kupigwa mara moja, povu limekwisha kazi yake, hata kama nje haina alama. Ndiyo sababu ya mitumba siishauri. Mwenye dola 60 akaniuliza anunue GPS ya China au helmeti na taa, simwachi amalize swali.

Kuna na habari ya wezi na ya siri. Kisanduku cha rangi kwenye usukani kinaonekana kutoka mbali. Ukisimama kununua mkate, ondoka nacho. Na safari ulizorekodi zinaweza kuonekana na watu usiowajua. Mwezi Januari 2018 dunia ilishangaa kuona kwamba ramani iliyotangazwa na Strava, yenye njia za watumiaji wake, ilikuwa inaonyesha kambi za kijeshi, kwa sababu askari walikimbia mazoezi huku wakirekodi. Basi fikiria ramani inayoanza kila asubuhi mlangoni kwako na kuishia mlango wa bohari ya kampuni. Katika mipangilio ya programu kuna mahali pa kuficha mwanzo na mwisho wa safari, na mahali pa kufanya safari isionwe na mtu mwingine. Pafunge pote pawili. Na katika mkoa wetu, mtu mwenye mashine inayochora njia anaweza kuulizwa maswali marefu kwenye kizuizi. Mwenye kazi ya kupita vizuizi afadhali aache mashine nyumbani.

Shauri langu basi, na kila mtu ana pesa yake. Kama unapanda baiskeli kwenda kazini, sokoni au kanisani, usiinunue. Haitakupa afya zaidi ya hiyo unayoipata tayari. Kama unataka tu kujua umekwenda umbali gani, ya sumaku inakutosha, na huku kwetu pengine itakuambia kweli kuliko nyingine. Kama unashindana, au una mwalimu anayekupangia mazoezi ya milima na mapigo ya moyo, na baiskeli yako imekwisha kuwa kamili, basi nunua ya GPS, wala usione haya. Lakini ile ya bei ndogo kwanza. Muulize mwuzaji: ikifa, nani ataitengeneza, na hapa hapa Goma au lazima ipelekwe ng'ambo? Akisitasita, punguza bei au ondoka. Vijana wanaofanya mazoezi pamoja wanaweza kuchanga mashine moja, mmoja akaivaa leo na mwingine kesho, maana kilima ni kile kile.

Utakayechagua ya sumaku, usiamini tarakimu iliyoandikwa kwenye karatasi ya dukani. Jaza upepo kama kawaida yako. Chora alama ya chaki kwenye tairi na kwenye sakafu, palipogusana. Kaa juu ya baiskeli, mwenzako aisukume mbele polepole hadi alama ya tairi iguse chini tena. Pimeni kati ya alama mbili kwa milimita. Ukikosea sentimita 5 katika 215, kila kilomita 100 itakuwa na kosa la kilomita 2 na zaidi.

Mwisho nasema na akina mama. Katika jambo moja mashine ya GPS inaishinda ya sumaku: betri yake imefungwa ndani na inachajiwa. Ile ya sumaku, pamoja na mkanda wa kifuani, mara nyingi hutumia betri ya mviringo iitwayo CR2032, ya kung'aa kama sarafu, yenye upana wa milimita 20. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, umeme wake unaanza kuunguza nyama, na kwa muda wa saa 2 inaweza kutoboa. Hata ile tunayosema imekufa bado ina nguvu ya kuunguza. Fundi akibadilisha betri, mdai ile ya zamani, izungushie utepe wa kunata pande zote mbili, na iwekwe mahali pa juu, siyo kwenye kopo la vifungo.

Ukishuku mtoto amemeza, kwa sababu betri haionekani na yeye anatokwa mate mengi, anakohoa, anakataa kula au anashika kifua, usimtapishe, usimpe chakula, na usingoje asubuhi. Mpeleke mara moja kwenye hospitali yenye mashine ya picha, mchana au usiku. Pakiti ya betri ikiwapo nyumbani, nenda nayo mkononi.